Mama akishajifungua: kipi kinapita chenyewe, kipi cha kukimbilia hospitali

Mtoto akizaliwa macho yote yanahamia kwake, amelia vizuri, ana kilo ngapi, kafanana na nani, na mama aliyetoka kumzaa anaachwa apambane na mwili ambao hata yeye mwenyewe haujui tena. Akilalamika anaambiwa ni kawaida tu, utazoea, wenzako wote wamepita huko huko. Na kweli mengi ni ya kawaida, shida ni kwamba hilo neno kawaida linafunika mpaka vitu vinavyoua, mtu kichwa kinampasuka siku ya tano anaambiwa ni uchovu, kumbe ni presha. Kwahiyo nataka tuyatenganishe haya mambo, na njia ninayoiamini ni kuangalia muda, kwa sababu karibu kila badiliko la baada ya kuzaa lina siku zake za kuanza na siku zake za kuisha. Likija nje ya siku zake, au likigoma kuondoka, hapo ndo pa kuuliza maswali.

Tuanze na kondo la nyuma maana ndo mzizi wa vingi. Kipindi cha ujauzito kondo linatoa estrojeni na projesteroni kwa kiwango ambacho mwili wa mwanamke haufikii wakati mwingine wowote. Sasa likitoka, chanzo kimeondoka, na ndani ya siku chache hizo homoni mbili zinaporomoka kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa. Muda huo huo prolaktini inayotengeneza maziwa iko juu, na oksitosini inatoka kila mtoto anapovuta ziwa. Jasho la usiku, machozi yasiyo na sababu, maziwa kujaa, ukavu ukeni, hata nywele kunyonyoka miezi ya mbele, vyote vina uhusiano na hilo anguko. Mama hajawa dhaifu wala hajadeka.

Mfuko wa uzazi wenyewe ukimaliza kazi unakuwa na uzito wa karibu kilo 1, na ukibonyeza tumbo unaukuta usawa wa kitovu, mgumu. Kila siku unashuka kama upana wa kidole kimoja, baada ya wiki 2 hivi umeshaingia ndani ya nyonga huugusi tena kwa nje, na ikifika wiki ya 6 umebaki chini ya gramu 100. Yaani msuli unapungua zaidi ya mara kumi ndani ya mwezi mmoja na nusu, lazima uume. Unauma zaidi mtoto akinyonya kwa sababu oksitosini inayosukuma maziwa ndo hiyo hiyo inayokaza mfuko, na aliyezaa mara nyingi anaumia kuliko wa mtoto wa kwanza maana msuli wake ulishatanuka mara kadhaa, unakaza unaachia, unakaza tena. Siku tatu nne hivi maumivu yanakuwa yametulia. Yakizidi badala ya kupungua, na homa juu yake, hiyo ni habari nyingine.

Damu nayo ina ratiba. Siku 3 au 4 za mwanzo ni nyekundu kabisa na vibonge vidogo, alafu inakuwa ya pinki au kahawia mpaka kama siku ya 10, kisha unabaki uteute mweupe au wa njano ambao unaweza kuendelea hadi wiki ya 4, wengine wiki ya 6. Na aliyepasuliwa naye anatoka damu, kuna wanaoshangaa hili, ila damu inatoka pale kondo lilipokuwa limejishika ukutani mwa mfuko, ni kidonda cha ndani, haijalishi mtoto alitokea wapi. Ukiamka asubuhi ukisimama ikashuka kwa mkupuo usishtuke, ilijikusanya ulipokuwa umelala. Cha kushtua ni pedi kubwa kulowa yote ndani ya saa moja na ya pili nayo vilevile, bonge kubwa kuliko yai la kuku, harufu mbaya, au damu iliyokuwa imeshafifia kurudi nyekundu na nyingi. Vitabuni utakuta mililita 500 ndani ya saa 24 ndo mpaka wa kusema damu imezidi uliotumika miaka mingi, lakini nyumbani nani anapima mililita? Wewe hesabu pedi. Na usijidanganye kwamba zikipita saa 24 hatari imeisha, damu nyingi inaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye kama kipande cha kondo kilibaki ndani au kuna maambukizi.

Jasho na mkojo mwingi wa wiki ya kwanza nitavipita haraka. Wakati wa ujauzito damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ile ya mwanzo, sasa hayo maji ya ziada lazima yatoke, kwahiyo unaamka nguo zimelowa chapachapa. Pima joto. Kama halijafika nyuzi 38 na unajisikia sawa, ni maji tu yanatoka.

Maziwa yanajaa kati ya siku ya 2 na ya 5, kabla ya hapo ni yale ya mwanzo, mazito ya njano, machache lakini yanamtosha mtoto maana tumbo lake lenyewe ni dogo mno. Siku ya kujaa matiti yanakuwa magumu, ya moto, yanavuta mpaka kwapani, na mara nyingi inaangukia siku ile ile ambayo homoni ziko chini kabisa na usingizi haupo, ndo maana siku ya 3 au ya 4 unamkuta mama analia na maziwa yanachuruzika na mtoto naye analia. Mnyonyeshe mara kwa mara, usiache titi lijae lipitilize. Upande mmoja ukiwa mwekundu, unauma ukigusa, na mwili mzima unatetemeka kama wa mtu mwenye malaria, hiyo ni titi kuvimba kwa uambukizo, inataka dawa, na kunyonyesha unaendelea.

Sasa twende sehemu ambayo watu wanaona aibu kuisema, na kwa maoni yangu ndo inatesa wengi kwa muda mrefu kuliko zote. Huku chini. Msamba, yaani ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa, unaweza kuchanika kidogo kwenye ngozi tu, au ukachanika mpaka kwenye msuli wa haja kubwa, na kila ngazi ina uponaji wake, kwahiyo kabla hujaruhusiwa uliza umechanika kiasi gani, ni haki yako kujua. Alafu kuna mkojo. Karibu mwanamke mmoja kati ya watatu anavujisha mkojo baada ya kuzaa, anapiga chafya, anacheka, anambeba mtoto, nguo imeshalowa, na wengi wanaishi hivyo miaka na miaka wakiamini ndo gharama ya kuzaa. Sio gharama, ni misuli ya nyonga imelegea na inafundishika. Kaa au lala, kaza kama unayezuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja, makalio na mapaja yatulie, usibane pumzi, shikilia sekunde chache, achia kabisa, rudia mara kumi, kwa siku mara tatu. Ila usifanyie mazoezi ukiwa unakojoa kweli, kukatakata mkojo sio vizuri kwa kibofu. Inataka miezi, sio siku. Ikifika miezi 3 unafanya kwa uaminifu na bado unavuja, au unashindwa kuzuia choo kikubwa au hewa, au unahisi kitu kinashuka ukeni, nenda ukaonwe, kuna wataalamu wa viungo wanaoshughulika na hilo hilo tu.

Na tumbo linalobaki limechomoza mbele hata baada ya mfuko kurudi, mara nyingi misuli miwili ya katikati ilisogea pembeni kumpisha mtoto. Unaweza kujipima, lala chali umekunja magoti, inua kichwa na mabega kidogo, bonyeza vidole juu na chini ya kitovu. Nafasi ikiwa zaidi ya vidole viwili na ishapita wiki 8, omba uelekezwe mazoezi. Usikimbilie yale ya kujikunja kwa nguvu ukitafuta tumbo la zamani, yanaweza kulisukuma nje zaidi.

Aliyepasuliwa ana hayo yote, ukiacha ya msamba, na kidonda cha tumbo juu yake. Ganzi pembeni ya kovu inaweza kukaa miezi, neva zilikatwa, zinaota taratibu. Kidonda kikianza kutoa usaha, kufunguka au kuwa chekundu kinachosambaa, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kuna mambo ambayo hayana ratiba ya kawaida hata siku moja, na hapa naomba hata baba wa nyumba asome. Kichwa kuuma sana kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, hiyo ni presha ya ujauzito ambayo inaweza kuanza au kurudi baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo lakini mpaka wiki ya 6 bado inawezekana, hata kwa mtu ambaye presha yake ilikuwa safi mimba nzima. Isipotibiwa inaweza kufika kwenye degedege. Watu wanadhani kifafa cha mimba kinaisha mtoto akitoka. Hakiishi hivyo. Pili, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma, au kifua kubana na pumzi kukata ghafla, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, na wiki 6 za mwanzo ndo kipindi cha hatari kubwa zaidi. Tatu, homa ya nyuzi 38 na kuendelea. Kwa haya hakuna kulala kwanza tuone kesho, ni hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika useme neno la kwanza kabisa kwamba umejifungua juzi, maana aliyepo zamu akikuona bila mtoto mkononi anaweza asijue.

Tukija kwenye hisia, muda unatusaidia zaidi hata ya kwenye mwili. Zaidi ya nusu ya wanawake wanapitia machozi ya siku za mwanzo, yanaanza kati ya siku ya 2 na ya 5, analia kwa sababu soksi ya mtoto imepotea, dakika kumi mbele anacheka, anakereka na kila anayepumua karibu yake. Katikati yake bado kuna vipindi vya furaha, anaweza kulala akipata nafasi, na ikifika wiki 2 yamekwisha. Huyo hahitaji dawa, anahitaji usingizi, chakula, mtu wa kumshika mkono na asiyemuuliza unalia nini wakati una mtoto mzuri.

Zikipita wiki 2 na bado hali ni nzito, au ilipoa alafu ikaanza upya mwezi wa tatu au wa sita, hapo tunaongelea sonona ya baada ya kujifungua, ule ugonjwa wengine wanauita depression. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwenye nchi zinazoendelea inafika karibu asilimia 20, yaani mmoja kati ya watano. Na sonona haiji lazima kwa sura ya kulia. Kuna mama anayetabasamu vizuri tu mbele ya wageni, mtoto msafi, nyumba safi, ila ndani hahisi kitu, anamwogesha mtoto kama anaosha chombo. Mwingine yake inatoka kama hasira. Mwingine ni wasiwasi, mtoto amelala saa nzima, kila mtu amelala, yeye yuko macho anaweka kidole chini ya pua ya mtoto kuhakikisha anapumua, anarudi kulala, anaamka tena kuhakikisha. Kipimo kimoja kizuri cha nyumbani ni hiki: mtoto akichukuliwa na mtu mwingine na chumba kikawa kimya, unalala? Kama nafasi ya kulala ipo na usingizi unakataa usiku baada ya usiku, hiyo ni dalili ya kumwambia mtu.

Kuna jambo wanawake wanalificha mpaka linawala, ni zile picha mbaya zinazokuja zenyewe kichwani, unapita na mtoto kwenye ngazi unaona unamwangusha, umeshika kisu unaona kitu kibaya. Mama anatetemeka, anajiuliza mimi ni mtu wa aina gani, anaanza kuogopa kubaki peke yake na mtoto. Mawazo haya ni ya kawaida mno kwa wazazi wapya, na kule kuchukizwa nayo ndo kunaonyesha hutaki kuyafanya. Yakikusumbua mpaka unashindwa kumshika mtoto, yana tiba, sema. Tofauti kabisa ni mama ambaye anaona mawazo hayo yana mantiki, anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa au ana ujumbe maalum, halali siku mbili tatu na bado ana nguvu za ajabu, anaongea haraka vitu havishikani. Hiyo ni saikosisi ya baada ya kujifungua, ni nadra, mwanamke 1 au 2 kati ya 1000, mara nyingi inalipuka ndani ya wiki 2 za kwanza, na aliyewahi kuwa na ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Ni dharura sawa na kutoka damu. Usimwache peke yake, usimwache na mtoto, mpeleke, na msianze kubishana kama karogwa au kapagawa wakati saa zinaenda, kwa sababu akitibiwa mapema wengi wao wanapona vizuri kabisa.

Kingine ambacho hakisemwi sana, kuna wanawake ambao sekunde chache kabla maziwa hayajashuka wanashukiwa na huzuni nzito ghafla, kama kitu kimezama tumboni, alafu dakika mbili tatu mbele imeondoka, na inajirudia kila akinyonyesha. Sio kwamba hampendi mtoto. Inafungwa na mabadiliko ya homoni wakati maziwa yanashuka, na wengi wakishajua tu ni nini wanaweza kuivumilia. Na upendo wenyewe kwa mtoto, kwa wengine unakuja siku ile ile, kwa wengine unajengeka wiki kwa wiki, ukiona bado haujaja siku ya kumi usijihukumu.

Kabla hujabandikwa jina la sonona, damu ipimwe. Upungufu wa damu unamfanya mtu awe mchovu, mapigo yaende mbio, kichwa kizunguke. Na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inavurugika kwa karibu mwanamke mmoja kati ya 20 ndani ya mwaka wa kwanza. Kwanza inaweza kufanya kazi kupita kiasi, moyo unadunda, unapungua uzito, huna utulivu, miezi ya mbele inashuka, unanenepa, unasikia baridi, huna hamu ya kitu, nywele zinatoka. Ukimsikiliza haraka unasema ni msongo wa mawazo. Kwenye nywele hapo kuna kuchanganya, maana nywele kunyonyoka kuanzia mwezi wa 2 mpaka wa 4 ni kawaida yake, zile ambazo homoni za mimba zilizuia zisianguke sasa zinaanguka kwa pamoja, na kabla ya mwaka zinarudi. Zikiendelea kupukutika baada ya mwaka, au zinakuja na hizo dalili nyingine, pima thairoidi.

Kliniki nyingi duniani zinatumia dodoso la maswali 10 la kuchunguza sonona, lililotengenezwa Edinburgh huko Uskoti mwaka 1987, linauliza wiki iliyopita umecheka, umejilaumu, umeogopa bila sababu, na la 10 linauliza kama umewaza kujidhuru. Ukipewa jibu ukweli, nakuomba sana, hasa hilo la mwisho. Tiba zipo, mazungumzo na mtaalamu yanasaidia wengi, na dawa zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, sertralini ni mojawapo, kiasi kidogo sana ndo kinaingia kwenye maziwa. Usiache dawa ulizokuwa unameza kwa sababu jirani kasema zitamdhuru mtoto, ongea na aliyekuandikia. Na baba naye aangaliwe, karibu mmoja kati ya 10 anapata sonona kipindi hiki, na mara nyingi ni kwenye nyumba ambayo mama naye anayo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto wakae kituoni saa 24 za kwanza, alafu waonwe walau mara 3 tena, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6. Nenda zote, na ukifika usikubali mtoto peke yake ndo awekwe mezani. Omba upimwe presha, sema damu ikoje, mkojo ukoje, unalalaje. Wiki ya 6 sio mwisho wa kupona, ni siku ya kukaguliwa tu, mwili unaendelea kujijenga mwaka mzima. Tendo la ndoa linarudi ukiwa tayari wewe, ukavu ukeni kwa anayenyonyesha unatokana na estrojeni kuwa chini, vilainishi vinasaidia, maumivu yanayobaki yanatibika. Na mimba inaweza kuingia kabla hujaona hedhi hata moja, kwa asiyenyonyesha hata kabla ya wiki ya 6. Kunyonyesha kunakinga kwa zaidi ya asilimia 98 ila masharti yote matatu yatimie, mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya tu mchana na usiku bila chakula kingine. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine siku hiyo hiyo.

Na kama ulipata sonona, saikosisi, presha au damu nyingi uzazi huu, iandikwe kwenye kadi yako, na ujauzito ujao uitaje kliniki siku ya kwanza kabisa hata kama hujaulizwa, kwa sababu zote hizi zina tabia ya kurudi na ufuatiliaji wake unaanza kabla mtoto hajazaliwa.